Kijana wa chumba cha nyuma: nisaini ahame, au nisisaini?

SEHEMU YA 1

Wiki hii niliwaahidi posti za chanjo ya surua, naomba zisubiri kidogo. Kuna ujumbe umeingia inboksi, siku mbili baadaye ukaingia mwingine unaofanana nao kutoka mkoa mwingine kabisa, nikaona hili tuliongee hadharani. Mwenye ujumbe ameniruhusu, na vitu vidogo vidogo nimebadilisha ili wasijulikane.

Dada amepanga kwenye nyumba ya vyumba sita. Ua mmoja, choo kimoja, bomba moja. Ana mtoto wa miaka 3 na mwingine wa miezi 5. Chumba cha nyuma anakaa mama mtu mzima, anauza maandazi asubuhi, na mwanae wa kiume mwenye miaka ishirini na kitu. Huyo kijana ana skizofrenia. Wiki iliyopita usiku alipiga kelele, akarusha ndoo ukutani, akasema wapangaji wanamsema kwenye redio. Asubuhi watu wakakaa kikao bila kumwita mama yake. Ikaandikwa barua kwa mwenye nyumba: wahame kabla mwezi haujaisha. Barua imezunguka chumba kwa chumba, imebaki sahihi ya huyu dada tu. Ananiuliza, "Nesi, nisaini?"

Jibu langu ni usisaini. Nitaeleza kwa nini. Na sitakwambia kwamba woga wako ni ujinga, maana sio. Mwenye kichanga cha miezi 5 ana haki ya kuogopa kelele za usiku.

SEHEMU YA 2

Kwanza tujue tunaongelea nini, kwa kifupi.

Skizofrenia ni ugonjwa wa ubongo. Mgonjwa anasikia sauti ambazo wewe husikii, na kwake ni sauti kweli, kama unavyonisikia mimi nikikuita wodini. Anaweza kuamini jambo lisilokuwepo na usimtoe hapo kwa maelezo yoyote: kwamba anafuatiliwa, kwamba chakula kina sumu, kwamba redio inamtaja. Mawazo yanaruka. Wengine wanakuwa wazito, hawaogi, hawaongei, na hapo ndugu wanasema kawa mvivu.

Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria wagonjwa milioni 24 duniani, kama mtu 1 kati ya 300. Hebu hesabu watu wa mtaa wako. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana na miaka ya ishirini, na wanaume huwahi zaidi. Ndo maana stori za akina mama zinafanana: "Alikuwa anaongoza darasani, kafika kidato cha tano akabadilika."

Sio laana ya mama. Sio adhabu ya mimba ya nje. Naandika hivi kwa sababu najua humu yupo aliyeambiwa hivyo na mawifi.

SEHEMU YA 3

Sasa tuje kwenye hilo linalokunyima usingizi. Ni hatari?

Wengi wao hawajawahi kumpiga mtu na hawatampiga. Ukikaa siku ya kliniki ya afya ya akili utashangaa. Watu wako kwenye benchi kimya, mmoja kasinzia kwa dawa, mwingine anauliza foleni itaisha saa ngapi akafungue genge lake. Mimi nikiambiwa nitaje sehemu ya hospitali inayonitia wasiwasi, nitakutajia chumba cha majeruhi usiku wa mwisho wa mwezi, walevi wanapogombana hadi na anayewashona.

Lakini nikisema hatari haipo kabisa nitakuwa nakudanganya, na wewe una watoto. Mwaka 2009 watafiti walikusanya tafiti 20 zenye wagonjwa zaidi ya 18,000 wa skizofrenia na magonjwa yanayofanana nayo. Walikuta kweli, ukatili kwenye kundi hili uko juu kuliko kwa watu wengine. Walipochambua zaidi, sehemu kubwa ya hatari hiyo ilikuwa kwa wagonjwa wanaotumia pombe au dawa za kulevya. Asiyetumia kilevi, hatari yake ilishuka sana. Na kuna hili ambalo watu huwa hawalisemi: watu wenye uraibu ambao hawana ugonjwa huu kabisa, hatari yao ilikuwa karibu sawa na ya wagonjwa wenye uraibu.

Kwa hiyo yule baba wa chumba cha mbele anayempiga mkewe kila wikiendi akishalewa, ambaye watoto wote wa uani wanamwita anko, mbona yeye hajaandikiwa barua?

Jambo lingine. Ukatili ukitokea, mara nyingi hauendi kwa mtoto wa jirani anayecheza uani. Unaenda kwa aliye karibu: mama mzazi, mke, kaka anayelala naye chumba kimoja. Yule anayempa vidonge, anayemkatalia kutoka usiku. Kwenye nyumba ya huyu dada, mtu wa kwanza wa kuulizwa "wewe uko salama?" ni mama wa maandazi. Na hakuna aliyemuuliza.

SEHEMU YA 4 (ndefu, vumilieni)

Hatari ya mgonjwa mmoja haiko sawa siku zote. Inapanda na kushuka, na kwa kiasi kikubwa inafuata dawa.

Sweden waliwafuatilia watu zaidi ya 80,000 walioandikiwa dawa za magonjwa makubwa ya akili, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2014. Walimlinganisha mtu na yeye mwenyewe: kipindi anatumia dawa za kutuliza saikosisi, na kipindi ameacha. Kwenye kipindi cha dawa, makosa ya ukatili yalikuwa pungufu kwa asilimia 45. Sweden sio Temeke wala Kahama, najua. Lakini mtu ni yule yule, kilichobadilika ni kidonge.

Sasa kwa nini wanaacha? Watu wanadhani ni ukaidi. Nikupe ninayoyaona.

Dawa za zamani, kama haloperidoli na klopromazini, ndizo wagonjwa wengi wanazopewa huku kwetu. Zinatibu, ila zina maudhi. Mwili unakakamaa, mikono inatetemeka, mate yanatoka. Kuna jambo linaloweza kutokea siku za mwanzo: shingo inapinda upande, macho yanageuka juu, ulimi unakaza. Familia ikiona hivyo inasema jini limepanda. Anakimbizwa kwa mganga, vidonge vinatupwa chooni, tunaonana naye baada ya miezi sita kafungwa kamba. Jamani, hiyo ni dawa imemzidi! Mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo. Kuna dawa ya kulegeza, na inafanya kazi haraka.

Halafu kuna lingine ambalo kijana hawezi kumwambia mama yake. Baadhi ya hizi dawa zinapunguza nguvu za kiume. Yeye anaficha kidonge chini ya ulimi, anaenda kukitema nyuma ya nyumba. Kama una mdogo wako au binamu yako anatumia, tafuta mwanaume anayemheshimu amuulize taratibu. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha. Na anayesahau au kuchoka vidonge, ipo sindano ya kuchomwa kliniki kila baada ya wiki chache. Ulizeni, msisubiri kuambiwa.

Na akiacha dawa, ugonjwa haurudi kesho yake. Zinaweza kupita wiki, hata miezi, mtu anakula vizuri, anacheka. Hapo ndipo ndugu wanasema, "Si mnaona? Kapona, hizo dawa ndo zilikuwa zinamharibu." Kisha usingizi unaanza kupotea.

Wa maombi na wa dua, sina ugomvi na nyinyi hata kidogo. Mpelekeni. Ila vidonge viende naye mfukoni.

Kwa haraka, kwa mama mjamzito au anayenyonyesha ambaye mwenyewe anatumia dawa hizi, maana mpo: usiache kwa sababu shoga yako kasema zitamdhuru mtoto. Nenda kliniki ukiwa na dawa zako mkononi, waambie una mimba, wapange wao. Ugonjwa kurudi ukiwa na kichanga ni hatari kwenu wote wawili.

SEHEMU YA 5

Turudi kwenye barua.

Tuseme umesaini. Mwenye nyumba kawatoa. Mama na mwanae wanahamia kwingine, mbali kidogo, kodi ya bei ya chini. Mama kapoteza wateja wa maandazi, kwa hiyo nauli ya kliniki haipo. Mtaa mpya hakuna anayemjua kijana, hakuna wa kumwambia mama "mwanao jana hakulala". Tarehe ya sindano inapita, na ya pili. Mama sasa anaficha, kwa sababu amejifunza kwamba watu wakijua unafukuzwa. Na uani kwenye nyumba hiyo mpya kuna watoto wa mwenzako wa miaka 3 na wa miezi 5.

Hatari haijaondoka hapo, imehamishwa nyumba na kuongezwa. Ndo maana nasema usisaini. Sikuombi uwe mtakatifu. Nakwambia kama nesi kwamba mgonjwa anayejulikana, ambaye mama yake anaweza kugonga mlango wako saa nane usiku bila aibu, ni salama zaidi kuliko aliyefichwa.

SEHEMU YA 6

Usalama wenyewe. Hii hifadhini.

Dalili za kurudi huanza mapema, na usingizi ndio wa kwanza mara nyingi. Anatembea usiku. Anaanza kukataa chakula kilichopikwa nyumbani, anakula cha kununua tu. Anaziba madirisha, anaongea peke yake kuliko kawaida, anahoji kwa nini mnanong'ona. Ukiona haya, mama yake aambiwe siku hiyo na kliniki iende kabla ya tarehe. Msisubiri ndoo irushwe.

Kuna dalili nyingine zinazotaka haraka zaidi. Anamtaja mtu kwa jina kwamba ndiye adui yake. Sauti zinamwamuru afanye kitu. Ameanza kutembea na kisu. Amerudi kwenye gongo au bangi huku dawa ameacha. Aliwahi kujeruhi mtu kipindi kama hiki. Hapo hamjadiliani tena, ni hospitali leo.

Akiwa amechafuka mbele yako: watoto watoke kwanza, kimya, bila mbio. Redio na televisheni zizimwe. Aongee mtu mmoja, anayemwamini, sauti ya chini. Usibishane naye kuhusu sauti, wala usimwambie unazisikia pia. Sema tu, "Naona umeogopa, hapa hakuna atakayekugusa." Simama upande wa mlango lakini usiuzibe, mwenye hofu akikosa njia ndipo anapigana. Usimshike kwa nyuma. Usicheke. Na tafadhali, umati usijae mlangoni na simu zinarekodi! Umati huo ndo unaogeuza kelele kuwa damu.

Panga, shoka, mchi, mafuta ya taa na dawa za wadudu vifungiwe, nyumba nzima, siku zote. Hapo simuwazii mtoto wako peke yake. Wagonjwa hawa wako kwenye hatari kubwa ya kujiua kuliko watu wengine, na dawa ya wadudu iko karibu kuliko hospitali.

Akiwa na silaha, msiwe mashujaa. Fungeni milango, pigeni 112, mwiteni na mjumbe, na neno la kwanza liwe "ni mgonjwa wa akili, tunahitaji kumfikisha hospitali." Hilo neno linaweza kuokoa maisha yake. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ya Tanzania inaruhusu mgonjwa aliye hatarini kupelekwa hospitali hata kama yeye hakubali. Sio lazima Mirembe. Mirembe ya Dodoma ipo tangu 1927 na watu wameigeuza tusi la kutishia watoto, ila hospitali za rufaa za mikoa nazo zina huduma ya afya ya akili. Anzia iliyo karibu.

Kumwachia watoto? Akiwa hajatulia, hapana, hata dakika tano za kwenda dukani. Akiwa ametulia na dawa anatumia, mchukulie kama kijana mwingine yeyote wa uani, na kijana mwingine yeyote nisingemwachia kichanga.

Na mke wa mgonjwa unayepigwa, nakuongelesha wewe. Ugonjwa unaeleza kwa nini anakupiga. Haukulazimishi kukaa upigwe. Chukua watoto, ondoka usiku huo huo, na utoe taarifa ili atibiwe. Mambo hayo mawili yanafanyika pamoja.

SEHEMU YA 7

Hii niliwaza nisiiandike, lakini tunaongelea usalama, na usalama ni wa kila mtu.

Kila mji ninaoujua una mwanamke mgonjwa wa akili anayelala stendi au sokoni. Mwaka huu ana mimba. Mwaka juzi alikuwa nayo. Tunamzalisha, mtoto anachukuliwa na ustawi wa jamii, yeye anarudi sokoni. Watu wanatikisa kichwa, "Masikini." Hakuna anayeuliza huyo mwanaume ni nani. Huyo aliyemwingilia ana akili timamu, ana nyumba, huenda ana watoto, na mtaa haumwogopi.

Tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba wagonjwa hawa wanafanyiwa ukatili zaidi kuliko wanavyoufanya. Mimi naukuta kwenye ngozi zao. Alama za kamba kwenye vifundo. Vidonda vya mnyororo. Makovu ya fimbo za kutoa mapepo. Vichwa vilivyopasuliwa na mawe ya watoto wanaoimba "kichaa, kichaa" njia nzima, na wale watoto wana mama. Halafu kuna wale "wananchi wenye hasira kali" wa kwenye taarifa za habari: mtu kaingia uani kwa watu amechanganyikiwa, kapigiwa ukelele wa mwizi, na hakuna aliyemuuliza jina.

Mtoto wako wa miaka 3 anaelewa kuliko unavyodhani. Mwambie, "Kaka anaumwa kichwani, akipiga kelele njoo kwa mama." Hiyo inamtosha. Inamlinda, na haimfundishi kurusha jiwe.

SEHEMU YA 8, ya mwisho

Dada wa barua, nilichokuandikia inboksi nakiweka na hapa.

Usiwagombeze wenzako, nao wanaogopa kama wewe. Waambie unaomba kikao kingine, na mama wa maandazi awepo, na mjumbe awepo. Msianze na kelele za usiku. Mwulizeni kwanza: kliniki ni lini, dawa zipo, nani anakusaidia? Mara nyingi utakuta dawa ziliisha kituoni akaambiwa akanunue duka la dawa, hela haikutosha, akanunua nusu, akawa anampa kidonge kimoja badala ya viwili mpaka ndoo ikaruka. Kama ndivyo, wapangaji sita mkichanga nauli na dawa za mwezi mmoja mtatumia hela ndogo kuliko usumbufu wa kuhamisha familia.

Mkubaliane mambo manne matano. Namba ya nani inapigwa usiku. Nani anawachukua watoto. Bodaboda au bajaji ya nani inawapeleka hospitali. Vitu vya ncha vinakaa wapi. Na kijana mwenyewe, akitulia, naye aitwe aulizwe: ukianza kuchafuka, unataka nani aongee na wewe? Wengi wanalo jibu. Mara nyingi ni mtu usiyemtarajia, fundi wa baiskeli au bibi wa jirani.

Halafu mlioniandikia inboksi kwamba bora wafungiwe wote maisha: mamilioni ya watu mtawafungia wapi? Na yule aliyeniuliza, "Ungekuwa wewe na watoto wako, ungekaa?" Ndiyo, ningekaa. Nikijua tarehe ya sindano na nina namba ya mama yake. Akiacha dawa, kaanza kubeba kisu na kutaja jina la mwanangu, nisingelala hapo usiku huo mpaka afikishwe hospitali. Vyote viwili ni kweli.

Dada amenijibu jana jioni. Barua bado haijasainiwa, kikao ni Jumapili saa kumi, mjumbe amekubali kuja. Mama wa maandazi alipoambiwa alikaa chini akalia, akasema tarehe ya kliniki ni Alhamisi na kijana amegoma kwenda. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kikao ni hiyo, kumpata wa kumsindikiza Alhamisi.

Posti za surua zinaanza Jumatatu. Nileteeni kadi za kliniki za watoto, tuangalie nani amepitwa na dozi ya pili.